Nani Atamtunzia Mtoto Mwenye Ulemavu Mali Yake?

Mzazi aliyelea mtoto asiyeweza kujisimamia huwa na swali moja ambalo aghalabu haliulizi mbele ya watu. Mchana huwa na kazi nyingi: kumwogesha mtoto, kumlisha, kumpeleka hospitali, kumtetea mbele ya wanaomcheka. Usiku, nyumba ikiisha kutulia, swali hurudi. Huyu mtoto sasa ana miaka 20, au 30. Mzazi naye anazeeka. Siku mzazi atakapoondoka duniani, nani atajua kwamba kijana huyu hali nyama isipokatwa vipande vidogo? Nani atamnunulia dawa zake za kifafa? Na ile nyumba, au kile kipande cha shamba kilichopatikana kwa jasho la miaka mingi, kitamfaa yeye, au kitawafaa wengine kwa jina lake?

Watu wengi huliacha swali hili mikononi mwa Mungu na mikononi mwa ndugu. Hapana ubaya kumtegemea Mungu, na ndugu wema wapo. Walakini wazee walisema akiba haiozi, na akiba ya mtu asiyeweza kuisimamia mwenyewe yahitaji jambo jingine zaidi ya kuwekwa: yahitaji mlinzi, na mlinzi huyo ahitaji masharti. Mpango wa namna hiyo upo katika sheria, nao huitwa amana. Katika nchi nyingi wazazi wa watoto wenye ulemavu wameutumia kwa miaka mingi. Nchini Uganda, kama ilivyo kwa jirani zake, sheria za amana zipo tangu zamani, lakini familia za kawaida zinazozitumia ni chache, na wengi hudhani kwamba ni mambo ya matajiri.

AHADI PEKE YAKE HAITOSHI

Njia inayofuatwa zaidi ni ya ahadi. Mzazi humwita mtoto wake mkubwa akamwambia, “Nakuachia nyumba hii. Mdogo wako akae humu, umtunze mpaka mwisho.” Mtoto mkubwa hukubali, tena kwa moyo safi. Nyumba huandikwa kwa jina lake.

Matatizo hayatoki lazima kwenye ubaya wa moyo. Ndugu yule aweza kufa kabla ya mdogo wake. Hapo nyumba huwa ni urithi wa mjane na watoto wake, ambao hawakuahidi lolote. Aweza kukopa benki na kuiweka nyumba rehani, biashara ikaharibika, na nyumba ikapigwa mnada. Aweza kuachana na mwenzi wake, na mali ikaingia katika madai. Katika hali zote hizo, mbele ya hakimu nyumba ni ya mkubwa. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa ni gumu kulidai, hasa ikiwa mdai mwenyewe hawezi kusema.

Njia ya pili ni kumwandikia mtoto mwenye ulemavu mali moja kwa moja. Ikiwa ulemavu wake ni wa viungo, wa macho au wa masikio, na akili yake ni timamu, hiyo ndiyo njia iliyo bora na yenye heshima, kama itakavyoelezwa. Lakini ikiwa ni mtu asiyeweza kuelewa maana ya kuuza na kununua, mali iliyo kwa jina lake hugeuka kuwa chambo. Leo atapewa soda na shati jipya, kesho ataambiwa aweke dole gumba kwenye karatasi.

Njia ya tatu ni kumwacha nje kabisa, kwa kudhani kwamba hana haja ya mali maadamu anakula na kulala. Sheria ya Mirathi ya Uganda hailitazami jambo hili kwa wepesi. Mtu aliyekuwa akimtegemea marehemu na akaachwa bila matunzo ya kutosha katika wasia anaweza kuombewa mahakamani, na mahakama yaweza kuamuru apewe sehemu ya mali hiyo. Lakini kesi ni gharama na uhasama, na mara nyingi yule aliyeachwa ndiye asiye na wa kumfungulia kesi.

AMANA NI NINI?

Neno amana si geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili akilinde kwa niaba ya mwingine. Sheria imelichukua wazo hilo na kulijengea kuta. Katika amana mna watu wa namna tatu. Wa kwanza ni mweka amana, ambaye hapa ni mzazi. Wa pili ni wadhamini, ambao hukabidhiwa mali. Wa tatu ni mnufaika, yaani mtoto. Jina lililo kwenye hati ya nyumba au akaunti ya benki ni la wadhamini, lakini faida ni ya mnufaika peke yake. Mdhamini hawezi kuiuza mali akalipa madeni yake, na akifa mali hiyo haiwi urithi wa watoto wake.

Mfumo huu ulikua katika Uingereza tangu karne za kati, ukaletwa Afrika ya Mashariki pamoja na sheria za kikoloni. Sheria ya Wadhamini ya Uganda ni ya mwaka 1954. Hata hivyo Waislamu wanalijua jambo linalofanana nalo kwa jina la wakfu: mali hufungwa isiuzwe, na pato lake likatumika kwa watu au kazi iliyotajwa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba fikra ya kumtenga mwenye mali na mwenye kufaidi ni ya kigeni.

Amana huweza kufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa wasia: mzazi huandika kwamba akifa, mali fulani iende kwa wadhamini fulani kwa ajili ya mtoto fulani. Njia hii ina nafuu kwa kuwa mzazi huendelea kuitumia mali yake muda wote wa uhai wake, na wasia waweza kubadilishwa wakati wowote akiwa na akili timamu. Wasia utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao watie sahihi zao. Hapa wengi hukosea: shahidi asiwe mtu anayerithi chochote katika wasia huo, wala mumewe au mkewe, maana aweza kuipoteza zawadi yake.

Njia ya pili ni kuanzisha amana mzazi angali hai, kwa hati iliyotengenezwa na wakili. Faida yake ni kwamba mzazi huwaona wadhamini wakifanya kazi, akawasahihisha mapema. Hasara yake ni kwamba mali yatakiwa ihamishwe kweli kutoka jina lake kwenda majina ya wadhamini. Hati nzuri isiyokabidhiwa mali ni kama ghala lenye kufuli bila nafaka.

Liko jambo moja ambalo wakili mwangalifu hulitia katika hati. Wadhamini wapewe hiari ya kuamua lini watoe fedha, kiasi gani na kwa haja ipi, badala ya kuamriwa kutoa kiasi kile kile kila mwezi. Maisha ya mgonjwa hayaendi sawasawa. Mwezi mmoja hahitaji kitu, na mwezi unaofuata hulazwa hospitali. Tena hati iseme waziwazi mali iliyobaki itakwenda kwa nani mnufaika atakapofariki. Jambo hilo lisipoandikwa huzaa ugomvi makaburini.

IKIWA MZAZI AKIFA BILA WASIA

Mwaka 2022 Bunge la Uganda liliifanyia Sheria ya Mirathi mageuzi makubwa. Kwa mtu aliyekufa bila wasia akaacha mwenzi, watoto, jamaa waliomtegemea na mrithi wa jadi, mgawo ni huu: watoto na wajukuu hupata asilimia 75, mwenzi asilimia 20, jamaa waliomtegemea asilimia 4, na mrithi wa jadi asilimia 1. Huyu wa mwisho ndiye yule ambaye Waganda humwita omusika, anayetawazwa katika matanga ya mwisho. Mageuzi hayo yaliwakumbusha watu kwamba kuvaa vazi la marehemu si kumiliki kila alichoacha.

Lililo kubwa zaidi kwa habari hii ni kwamba sheria hiyo inaamuru asilimia 20 ya mali itengwe, isigawanywe, kwa ajili ya elimu, matunzo na ustawi wa watu maalumu. Nao ni watoto wadogo, vijana wa kati ya miaka 18 na 25 walio masomoni, na watoto wa marehemu wenye ulemavu ambao walimtegemea kwa maisha yao yote. Hii ni hatua njema. Kwa mara ya kwanza mtoto mwenye ulemavu alitajwa katika mgawo wenyewe kama mtu mwenye haki, wala si kama mzigo wa jamaa.

Hata hivyo mzazi asilale usingizi kwa kutegemea fungu hilo. Kwanza, fungu ni moja, na huenda likawa la watu wengi: wadogo, wanafunzi na mwenye ulemavu pamoja. Pili, ikiwa mali yote ya marehemu ni nyumba moja na kibanja kidogo, asilimia 20 ni ukuta mmoja na mistari michache ya migomba. Tatu, sheria haijui kwamba kijana huyu huogopa kelele, wala kwamba dawa zake haziwezi kukosekana hata siku mbili. Nne, sehemu nyingine ya urithi wake huangukia jina lake, na ikiwa hana uwezo wa kuisimamia, hapana budi kwenda mahakamani kuomba ateuliwe mtu wa kufanya hivyo. Fungu la sheria ni mwavuli wa dharura. Wasia wenye amana ni nyumba.

WADHAMINI WACHAGULIWEJE?

Hapa ndipo penye moyo wa jambo zima, kwa sababu hati nzuri mikononi mwa mdhamini mbaya haina thamani ya karatasi yake. Haifai kuchagua mdhamini mmoja peke yake. Wawili au watatu ni bora, kwa kuwa wadhamini wa amana ya kifamilia hutakiwa kukubaliana wote kabla ya kutenda, ila hati ikisema vinginevyo, na hivyo kila mmoja humchunga mwenzake. Yafaa mmoja awe wa damu, anayemjua na kumpenda mtoto. Mwingine awe mtu wa nje, mwalimu mstaafu, mhasibu au wakili, asiye na faida yoyote katika mali hiyo. Damu ni nzito kuliko maji, lakini katika hesabu maji safi nayo yana kazi yake.

Yafaa pia kutenganisha anayemlea mtoto na anayezishika fedha. Dada akimpikia na kumfulia, kaka na yule mtu wa nje wampe dada fedha za matumizi na kupokea risiti. Mpango huu humlinda mtoto, na humlinda dada mwenyewe dhidi ya maneno ya jamaa.

Umri nao utazamwe. Mzazi wa miaka 65 akimchagua rafiki yake wa miaka 65, amechagua mtu watakayezikwa naye muongo mmoja. Hati itaje wadhamini wa akiba, na ieleze jinsi mpya atakavyopatikana mmoja akifa, akihama au akishindwa.

Wajibu wa mdhamini ni mzito. Atenge fedha za amana mbali na zake. Asijilipe ila hati ikiruhusu. Asijiuzie mali ya amana hata kwa bei ya haki. Aweke fedha mahali pa usalama penye faida, wala asizichezee kamari za biashara. Na aweke daftari, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Akikiuka, mahakama yaweza kumwondoa na kumlazimisha alipe.

Kwa mzazi asiye na mtu wa kumwamini, iko Ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu mjini Kampala, chini ya Wizara ya Sheria na Mambo ya Katiba, ambayo pia hufanya kazi ya Mdhamini wa Umma. Nchini Tanzania kazi kama hiyo ni ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ambao pia hupokea na kuhifadhi nyosia za wananchi. Nchini Kenya yupo Mdhamini wa Umma chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na tangu mwaka 2021 sheria ya nchi hiyo inazitaja waziwazi amana za familia.

Na ikiwa mali ni ardhi yenye hati, iko hatua moja ndogo ambayo huokoa mashamba mengi. Katika daftari la ardhi jina linaloonekana ni la wadhamini. Mnunuzi hamwoni mtoto. Kwa hiyo yafaa ziwekwe zuio katika ofisi ya ardhi kwa niaba ya mnufaika. Zuio la kawaida nchini Uganda laweza kuanguka siku 60 baada ya mwenye nalo kupewa taarifa, asipolitetea. Lakini zuio la mnufaika wa wasia au wa amana limetolewa katika kanuni hiyo: haliangushwi na siku 60.

HESABU YA MWAKA MMOJA

Wazazi wengi huuliza, “Nina kidogo tu. Je, kinatosha?” Jibu haliwezi kupatikana kwa kukisia, hupatikana kwa kalamu. Msomaji na amfikirie mama mjane mwenye kijana wa miaka 24, mwenye ulemavu wa akili na kifafa. Kwa mwezi, chakula chake ni shilingi 180,000 za Uganda. Msaidizi wa kumtazama 200,000. Dawa na nauli ya kliniki 80,000. Sabuni, nguo na mengineyo 40,000. Jumla ni 500,000 kwa mwezi, yaani 6,000,000 kwa mwaka.

Mama huyo ana vyumba vinne vya kupangisha, kila kimoja 120,000 kwa mwezi. Akihesabu miezi 12 atapata 5,760,000, na hapo wengi huridhika. Lakini vyumba havijai mwaka mzima. Akikata mwezi mmoja wa vyumba kukaa vitupu, hubaki 5,280,000. Akitoa 780,000 za mabati, rangi, choo na kodi, hubaki 4,500,000. Kwa hiyo pengo ni shilingi 1,500,000 kila mwaka.

Pengo hilo lazibwaje? Njia mojawapo ni akiba iliyowekwa katika hatifungani za serikali, ambazo Benki Kuu ya Uganda huziuza hata kwa mtu mwenye shilingi 100,000, na ambazo hulipa faida kila baada ya miezi sita. Tuseme faida iliyobaki baada ya kodi ni asilimia 10 kwa mwaka. Shilingi milioni 15 zitatoa zile 1,500,000. Lakini bei za vitu hupanda. Ikiwa zitapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, ambacho ndicho kiwango kinacholengwa na Benki Kuu, basi matumizi ya milioni 6 ya leo yatakuwa kama milioni 12 baada ya miaka 14 hivi. Kijana wa miaka 24 atakuwa na miaka 38 tu. Anayekula faida yote atakuta mtaji uko pale pale, lakini nguvu yake imekwisha. Ili mtaji ukue pamoja na bei, wadhamini wale asilimia 5 tu na kurudisha 5 nyingine. Na hapo zinahitajika milioni 30.

Hesabu hii yaweza kumvunja mtu moyo, lakini faida yake ni kwamba inamwonyesha la kufanya wakati bado ana nguvu. Aweza kuongeza chumba cha tano, kwa kuwa kodi ya nyumba hupanda pamoja na bei. Aweza kuweka kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo. Aweza kuwauliza ndugu wa kijana kama watachangia 20,000 kila mmoja kwa mwezi, na kuliandika jambo hilo. Aweza kutambua pia kwamba si kila mali yafaa kwa amana. Ng'ombe wa maziwa ni utajiri mkubwa mikononi mwa mama aliyewazoea. Mikononi mwa wadhamini walio mjini, ni ng'ombe watakaokwisha kwa mwaka mmoja. Nyumba ya kupanga na shamba la kukodishwa ni rahisi kusimamia na rahisi kukaguliwa.

BARUA YA MAELEKEZO

Hati ya amana husema habari za mali. Haisemi habari za mtu. Ndiyo maana wazazi wenye busara huambatanisha barua ya maelekezo. Barua hii haina nguvu ya sheria, lakini wakati mwingine thamani yake hupita shamba.

Ndani yake mzazi huandika majina ya dawa, vipimo na saa zake. Hospitali inayojua historia ya mtoto. Dalili zinazotangulia kifafa na namna ya kumlaza. Huandika anachopenda kula na kinachomdhuru. Jinsi anavyoonyesha kwamba ana maumivu ikiwa hasemi. Nani humtuliza akiwa na hasira. Nani asiachwe naye peke yake. Huandika kama hupenda kwenda kanisani au msikitini, nyimbo zipi humfurahisha, na anapotaka kuzikwa jirani na nani. Barua hiyo isomwe upya kila mwaka, labda siku ya kuzaliwa kwa mtoto, na nakala zipewe wadhamini na mlezi. Mzazi asiyejua kuandika na aiseme, mjukuu aiandike.

WENZETU WA NCHI NYINGINE

Nchini Marekani amana za watu wenye ulemavu ni jambo la kawaida, lakini sababu yake ni tofauti. Huko serikali hulipa posho kwa mtu mwenye ulemavu asiye na mali, na mwenye akiba inayozidi dola 2,000 huikosa posho hiyo. Kiwango hicho hakijabadilishwa tangu mwaka 1989. Kwa hiyo mzazi akimrithisha mwanawe dola 10,000 mkononi, humwondolea posho na huenda na matibabu. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu namna maalumu ya amana ambayo haihesabiwi kuwa mali ya mtu huyo. Hata hivyo, ikiwa fedha zilizowekwa zilikuwa zake mwenyewe, zinazobaki akifa hutumika kwanza kuirudishia serikali gharama za matibabu. Mwaka 2014 ikaongezwa akaunti maalumu ya akiba kwa walemavu.

Singapore ilifuata njia inayofaa kutazamwa na nchi zenye familia za kipato cha kati. Mwaka 2008 ilianzishwa kampuni isiyo ya faida, inayosaidiwa na serikali, ili iwe mdhamini wa watu wenye mahitaji maalumu. Mzazi huandaa mpango wa matunzo pamoja na maofisa wake, na fedha huwekezwa kupitia Mdhamini wa Umma. Hong Kong nayo ilianzisha mpango wa serikali mwaka 2018. Maana yake ni kwamba mzazi asiye na jamaa wa kumwamini hakosi mlango wa kubisha.

Afrika ya Mashariki haina posho kubwa ya kulindwa kama ya Marekani. Hapa amana ina kazi nyingine: kumlinda mtu dhidi ya mauzo ya haraka, dhidi ya madeni ya jamaa, na dhidi ya usahaulifu wa ukoo.

AMANA ISIWE GEREZA

Mwisho, liko onyo ambalo halifai kurukwa. Watu wengi wenye ulemavu hawahitaji mdhamini yeyote. Mwalimu asiyeona, fundi cherehani asiyesikia, mfanyabiashara anayetembelea kiti cha magurudumu, wote hawa ni watu wazima wenye akili zao. Kuwafungia mali katika amana bila kuwauliza ni kuwavunjia heshima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unasema kwamba wana haki sawa na wengine ya kumiliki na kurithi mali na kuendesha mambo yao ya fedha. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 35, inatambua haki yao ya heshima na utu.

Tena wenye kazi za mshahara wana haki zao wenyewe za akiba. Kwa mageuzi ya mwaka 2022 ya sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Uganda, mwanachama mwenye ulemavu aliyefikisha miaka 40 na kuchangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi nusu ya akiba yake kabla ya kustaafu, ambapo wenzake husubiri hadi miaka 45 na kupata asilimia 20. Ni yeye atakayeamua kama ataichukua au ataiacha ikue.

Hata kwa mwenye ulemavu wa akili, uwezo una ngazi. Yuko asiyeweza kuuza shamba lakini anajua sana kununua mkate na kudai chenji. Huyo apewe fedha zake za mfukoni kila Jumamosi, achague shati lake mwenyewe, akae katika kikao wadhamini wanapozungumzia maisha yake. Mdhamini mwema humuuliza kwanza, kisha huamua.

Mzazi aliyesoma hadi hapa hahitaji kuyamaliza yote wiki hii. Na aanze na matatu. Aandike katika karatasi moja mali aliyo nayo na matumizi ya mwaka ya mtoto wake. Awaite watoto wake wengine na jamaa wawili anaowaamini, aseme nao wazi wakati bado anaweza kusema. Kisha aende kwa wakili, au kwenye ofisi ya msaada wa sheria, au kwa Kabidhi Wasii Mkuu, akiwa na karatasi ile mkononi. Swali la usiku halitakwisha kabisa, maana hakuna hati inayoweza kupenda kama mama. Lakini litakuwa limepata jibu lenye sahihi na mashahidi, na kijana atakapoamka asubuhi ile ya kwanza asimwone mama yake, atakuta uji wake umepikwa, dawa zake zipo, na mlango wa nyumba yake bado ni wake.